Uchawi wa Drocella Haukumuua Mukengere

Mpendwa Maman Mshauri, naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba jina langu ulifiche, maana mimi napima mpunga kwenye mashine hapa Bugarama na kila mkulima ananijua kwa sura. Kila Jumapili baada ya misa tunakaa watu wanne nyuma ya nyumba yangu, tunacheza ule mchezo wa hadithi wa dadu ya pande ishirini, kila mmoja ana mtu wake wa karatasi, huyu mpiganaji, yule mganga, na mmoja anaongoza, anasimulia wanachokiona na kuamua nani kapona na nani kafa, na huyo anayeongoza ni mimi, mwaka wa nne sasa. Neno uchawi utakalolikuta humu lisikutishe, ni uchawi wa karatasi tu, hata padri alikuja siku moja akatazama, akaomba naye arushe dadu.

Kitabu cha sheria ni cha Kifaransa, nilikinunua Bukavu, soko la Kadutu, kikiwa kimetumika, na kurasa nane za katikati, pale panapoelezwa uchawi mmoja unafanya nini ukikutana na mwingine, hazimo, mtu alizichana, labda alifungia karanga. Basi tukajitungia zetu kwenye kaye, daftari la shule, tukazipigia kura, tukazifuata kama Injili, na miaka yote hatukugombana hata siku moja.

Sasa sikia nilivyoharibu, Maman. Gratien, anayefanya kazi ya saruji, tulikua naye kule Kamanyola, na mtu wake wa karatasi ni mganga mzee aliyempa jina la babu yake aliyemlea, Mukengere, na anamchezesha kama babu mwenyewe, anakohoa kwanza ndipo aseme, anawaita wote batoto, tunacheka mpaka machozi, ila sisi tuliomjua mzee tunajua Gratien hachezi tu, anamkumbuka. Juma la kwanza la mwezi uliopita Mukengere alikuwa darajani na watoto sita, juu yao ametandika Ngao ya Maji, mishale ya adui inaigonga na kuanguka, na mbele yao adui amewasha Ukuta wa Moto, unawasogelea. Drocella, mwalimu wa shule ya msingi, rafiki yetu sisi wote, akasema anatumia Zima, huo ni uchawi wa kuondoa uchawi, auondoe ule moto, watoto wapite. Gratien akapiga kelele, "Droce, ngoja! Utazima na ngao yangu!" Drocella akasema, "Nimelenga moto tu, siyo weye," na dadu ikawa imeshatoka mkononi.

Kaye yetu ilisema hivi, Zima inazima uchawi ulio mbele yake, basi, hatukuwahi kuwaza siku uchawi wa rafiki na wa adui vitakuwa mahali pamoja. Nikasema vyote viwili vimezimika. Drocella akabisha, akasema mtu akilenga kitu si amelenga hicho, na Nishimwe wa taxi-moto, mwendesha pikipiki, mchezaji wetu wa nne, naye akaanza kumuunga mkono, nikaona meza inanitoka, nikapiga kofi juu ya kaye nikasema, "Kitabu njo mimi!" yaani kitabu ndiye mimi. Moto ukazimika, ngao ikazimika, watoto wakakimbia wakapona, mishale ikamshukia mzee. Gratien hakunitazama hata mimi, alimtazama Drocella, akasema, "Nilikuambia ngoja, ukasikia, ukatupa," akakunja karatasi yake akaondoka.

Siku nne baadaye binamu yangu wa Kigali akanitumia kwa simu picha ya zile kurasa nane, nilikuwa nimemwomba tangu zamani. Nikausoma mstari ule mara tatu, Maman. Zima inaondoa uchawi mmoja tu, ule uliolengwa, na mwingine wote unabaki kama ulivyo. Maana yake moto ungezimika, ngao ingebaki, watoto na mzee wote wangevuka, na Drocella alikuwa na haki neno kwa neno. Nikaifunga ile simu. Leo ni wiki ya tano sijamwambia mtu.

Kinachoniua ni hiki. Drocella alikuwa awe mama wa ubatizo wa mtoto wa Gratien, kitambaa cha mtoto alishakishona, na sasa Gratien amemwambia mkewe Umwali atafute mwingine, anasema mtu aliyemwambia ngoja akatupa hawezi kumkabidhi mtoto wake. Ubatizo ni Jumapili hii inayokuja. Drocella alikuja kwangu akalia, akasema, "Miye njo nilimuua muzee wake, nifanye aje?" na mimi nikamshika mkono, nikamwambia Gratien atapoa tu. Mkono wenyewe ulikuwa unanitetemeka.

Lakini nimeamua sitauacha urafiki huu ufe, na nimepata njia. Nimetunga uchawi mpya, Pumzi ya Mto, unaomrudisha aliyekufa majini au juu ya maji, nitasema niliukuta kwenye kitabu, Mukengere afufuke, Gratien afurahi, amsamehe Drocella, mtoto abatizwe akishikwa na mama yake wa ubatizo, na mambo ya ule ukurasa yaishe bila kuumiza mtu. Naomba uniambie tu kama nifanye kabla ya Jumapili au nisubiri baada yake.

Mimi, Mwenye Meza, Bugarama.

JIBU LA MAMAN MUKAGATARE

Binti yangu Mwenye Meza, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, maana mambo ya ngao na mishale siyazoei. Nimeielewa vizuri kuliko ulivyotaka.

Kwanza nikupe haki yako. Mficha uchi hazai, na wewe umeandika. Tena siku ile pale mezani hukutenda dhambi. Kitabu kina tundu, watu wanakungoja, dadu imeshalala, mtu anabisha, na mwenye kuamua lazima aamue. Ukaamua vibaya. Hakimu anaamua vibaya, refa anaamua vibaya, hata mimi hapa gazetini nimewahi kumwambia mama mmoja arudi kwa mume ambaye hakustahili hata mbwa. Ningekuwa jirani yako, siku hiyo ningekupikia chai.

Ila siku ya nne ulipousoma ule mstari, chai ikamwagika. Kuanzia hapo si kukosea tena. Ulimwona mwenzako analia kwa kosa lako, ukamshika mkono, ukampoza kwa maneno, ukamwacha nalo. Na huo mkono unasema ulitetemeka! Ungekuwa na akili kuliko kichwa chako, ungeinuka ukafungua simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Drocella hajui kwamba aliye nguoni mwake ni wewe.

Uliniomba nifiche jina lako, ya wenzako ukayaandika yote waziwazi, mpaka la taxi-moto. Nimeyabadilisha mimi. Hilo nalo litafakari ukipata nafasi.

Sasa huo uchawi wako mpya. Ehe! Yaani Gratien amsamehe Drocella kosa ambalo hakulitenda, na wewe akushukuru kwa zawadi ya babu. Drocella atamshukuru Gratien kwa msamaha, wote wawili watakuimbia wewe, na mwenye deni la kweli peke yake hatadaiwa na mtu. Aibu, binti yangu. Nakwambia kwa upendo, lakini aibu. Na hata kwa sheria za mchezo wenyewe hautafanya kazi: umenieleza mwenyewe kwamba Zima inaondoa kile tu kilicholengwa. Wewe unataka kulenga kifo cha mzee. Uongo wako hujaulenga, kwa hiyo utabaki pale pale, hata Mukengere akifufuka mara saba.

Unaniuliza kabla ya Jumapili au baada. Hilo nalijibu bila kuzungusha: kabla, na siyo ile Pumzi ya Mto. Itupe. Utakwenda kwa Drocella kwanza, peke yako, nyumbani kwake na siyo kazini, ukampe simu mkononi ausome ule mstari yeye mwenyewe. Usianze na "unajua nilikuwa na mawazo mengi." Anza na "ulikuwa na haki, nilijua, nikanyamaza." Akikufukuza, ondoka. Akikutukana, sikiliza mpaka mwisho, halafu ondoka. Gratien alipoteza mzee wa karatasi, na najua anamwuma kuliko karatasi, lakini Drocella anapoteza jina lake kwa watu, na huyo ndiye wa kwanza kulipwa.

Siku hiyohiyo nenda kwa Gratien, na Umwali awepo, kwa sababu yeye ndiye anayezunguka kutafuta mama mwingine wa ubatizo. Sema yaleyale, kwa maneno yaleyale. Gratien naye ana kosa lake, mwanaume mzima anamnyima mtoto mama wa ubatizo kwa ajili ya dadu, lakini hilo wewe usimwambie, huna haki hiyo kwa sasa. Akikuuliza habari za Mukengere, mwachie yeye aamue. Akitaka mrudi pale darajani mrushe upya kwa sheria ya kweli, mrudi. Akisema mzee amelala, mwacheni alale. Na hiyo kaye ya sheria mpe Drocella, aishike yeye mwaka mzima. Wewe kaa upande wa wanaorusha, ujifunze kusikia neno "ngoja."

Unaogopa wakikujua watakuacha. Inawezekana. Sitakudanganya, umeshadanganya ya kutosha kwa sisi wawili. Lakini wewe umeniandikia kwamba umeamua urafiki huu usife, na mimi nakuamini, una moyo mgumu, nauona kwenye kila mstari. Basi ugumu huo upeleke panapostahili.

Jambo la mwisho. Jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumanne. Kwenye gazeti linatoka Ijumaa asubuhi, barua na jibu, yote. Majina nimebadilisha, lakini sijui watu wangapi Bugarama wana dadu ya pande ishirini na kitabu kisicho na kurasa nane, na Drocella ni mwalimu, anasoma gazeti. Una kesho na keshokutwa za kumwambia kwa mdomo wako. Vaa viatu.