Ruhusa za Wazee wa Ukumbi

Jumatatu, 3 Novemba
Ikiwa haya yamekufikia, nakusihi usimtajie mtu hata neno moja. Hata mama yangu.

Nimemaliza kugawa ruhusa za tovuti ya ukumbi wetu hapa Shella. Mimi, karani tu, ni msimamizi: naandika, nachapisha na kufuta hafla yoyote. Nabofya hapa, harusi inasomwa Sabaki na Kilifi papo hapo.

Wazee wa kamati walitosha kuwa waandishi: waandike, mimi niidhinishe. Lakini Mzee Athmani, mwenyekiti, nimwamkie shikamoo kisha nimweke chini yangu? Sikuweza. Wote nimewapa usimamizi.

Jumanne, 4 Novemba
Wazee wamefurahi. Mimi sina raha.

Alhamisi, 6 Novemba
Harusi ya Jumamosi haipo kwenye tovuti. Bi Zuhura, nyanyake bibi harusi, alikuja ofisini.

"Mwanangu, harusi ya mjukuu wangu mmeipeleka wapi? Au na bwana harusi mmemfuta?"

Jamaa zao walio mbali wanauliza kama imevunjika. Ukumbi unaonekana mtupu, na mtu wa Kilifi ameshauomba kwa mkutano. Nimetazama nani kafuta. Mzee Athmani.

Nitafukuzwa.

Ijumaa, 7 Novemba
Imerudi. Ilikuwa kwenye pipa la taka la tovuti, linalohifadhi vilivyofutwa, nzima, hadi jina la mpishi. Kitu kilichofutwa mbele ya mji mzima, na hakikupungua herufi. Nilikaa nikiitazama tu. Mtu wa Kilifi nimemwomba radhi.

Baada ya sala nilimwendea Mzee. Nikamweleza kilichotokea, na kwamba kosa ni langu, na kwamba lazima nimshushe cheo. Kumbe alidhani anaondoa tangazo kwenye simu yake tu, kama anavyofuta ujumbe. Nikatamani ardhi inimeze.

"Kwani cheo nilikuomba, binti? Nishushe. Shikamoo zangu tu usizipunguze."

Jumapili, 9 Novemba
Harusi ilijaa hadi uani.

Leo Mzee ameandika tangazo la maulidi ya madrasa. Liko pale, linangoja idhini yangu. Mtu wa umri ule, anangoja kidole changu. Nimekiambia kioo cha kompyuta shikamoo, kwa sauti, peke yangu. Kisha nikabofya.

Ukinihitaji, pitia mlango wa nyuma wa ukumbi, asubuhi, watu wakishakunywa chai. Bisha hodi polepole. Mimi hushtuka upesi.