E Mbili za Binti Yangu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu, mimi na binti yako. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi tunapumua.

Kwanza niache nijisifu, utanisamehe baadaye. Huyu mtoto uliyembeba mgongoni ametunga lugha. Lugha nzima, dada! Ina salamu zake, ina matusi yake. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa mtunga lugha! Fundi viatu wa jirani aliniuliza kwa kejeli inazungumzwa na nani. Nikamjibu inazungumzwa na mimi, na akitaka nimtukane kwayo aseme.

Ilibaki kuiandika tu. Lugha hiyo ina e mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya kuachia mdomo, nyingine ya kuubana kidogo. Kwa moja neno ni mlango, kwa nyingine ni dada. Alikuwa anatafuta kila moja iandikweje, aweke nukta juu au vipi, na jioni aliniketisha penye cherehani nitamke, kiganja chake shavuni mwangu. Nilidhani ndio utaalamu wenyewe.

Nilikuandikia kwamba masikio yanamsumbua. Sikukuandikia yote. Daktari alisema yanakufa, yote mawili, na hakuna cha kuyarudisha. Ndiyo maana mtoto alikuwa na haraka, alitaka herufi zimshikie sauti zake kabla hazijampotea. Siku moja nilisimamisha cherehani ili asikie vizuri, akaniambia nisijisumbue, hakujua kama inalia.

Basi akanifanya mimi masikio yake. Atamke yeye, niamue mimi ni e ipi. Dada, kinywani mwake zilikuwa zimeshakuwa moja. Nami kila mara nikamwambia sawasawa, mwanangu, umezitenganisha, hongera. Ningesemaje, na macho yale yamenikodolea mdomo?

Juzi akatamka, nikamsifu. Akatamka tena, nikamwambia hiyo sasa ndiyo e nyingine, safi kabisa. Akaniambia mara zote mbili alikusudia ileile, alikuwa ananipima. Hakugomba. Alikusanya karatasi zake, akasema lugha yenye wasemaji wawili haiwezi kubeba mwongo hata mmoja. Tangu hapo hasemi. Si yake, si yetu. Akitaka maji ananyoosha kidole.

Njoo, dada. Wewe kubembeleza hujui, hata bibi harusi ulimwambia gauni limemkataa. Keti naye umwambie kila sauti ilivyo, hata ikiwa mbovu. Mimi nimemaliza imani yake. Jana nilimwambia nampenda, akautazama mdomo wangu muda mrefu, kisha akageukia ukuta.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shemeji umfunike vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Mama wa mtunga lugha