Kununua Mashine ya Msasa Bila Kusema Neno

Jumamosi. Mawingu yametanda tangu alfajiri, mvua hakuna, na fulana ilininata mgongoni kabla hata sijafungua mlango.

Nimechoka. Naliandika hili kwanza, nisije nikafika chini ya ukurasa nikajifanya siku ilikuwa nzuri.

Tangu katikati ya wiki sisemi. Si kwamba nimenuna, ingawa nusu ya watu wa hapa Waa wanaamini nimenuna. Daktari wa koo kule Msambweni alinipitisha mpira mwembamba wenye taa puani, akatazama, kisha akanionyesha kwenye skrini: nyuzi za sauti zimevimba, nyekundu kama nyama mbichi. Akaniambia nisitoe sauti kwa wiki mbili, hata kunong'ona nisinong'one. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia ni fundi wa dari, napiga msasa jipsamu kwenye nyumba za wageni za Diani na Tiwi. Akaweka kalamu chini. Akasema nikilirudia lile vumbi kama nilivyoliacha, nisirudi kwake kulalamika.

Nilimwuliza kama sauti itarudi. Akasema tutaona. Daktari akishasema tutaona, mtu hapati tena usingizi wa maana.

Asiyeifanya kazi yetu huona dari nyeupe, laini, akasifu. Hajui kwamba kila kiungo cha mbao za jipsamu kimejazwa filla, ule uji mzito wa kuzibia, kikaachwa kikauke, kisha mtu akasimama chini yake shingo ameikunja nyuma, mikono juu, akakisugua kwa msasa uliozungushiwa kipande cha mbao. Kinachotoka pale hakina pa kwenda ila usoni. Ni laini kuliko unga wa ngano. Kile kitambaa ninachojifunga mdomoni kinazuia nzi tu.

Na mimi ndiye mwadhini wa msikiti wetu. Hapo ndipo panaponiuma. Fundi bubu ataendelea kula kwa mikono yake. Mwadhini bubu ni mwadhini wa nini?

Sauti ilianza kukwaruza taratibu, nikawa nakunywa asali na tangawizi na kujidanganya. Ijumaa ya wiki iliyopita ikakatika katikati ya adhana, msikiti umejaa. Bakari, fundi cherehani wetu, aliinuka akaishika maikrofoni akamalizia. Alimalizia vizuri. Hilo ndilo sijamsamehe.

Basi leo nimekwenda Ukunda na mke wangu, Mwanasha, kununua mashine ya msasa, ile ya mkono mrefu inayosugua na kuvuta vumbi lake yenyewe. Nimezitazama sana kwenye simu mashine hizi, mpaka juzi Mwanasha akaniuliza kama nataka kumletea mke mwenza wa umeme. Nilishindwa hata kucheka, maana kucheka nako kumekatazwa.

Taabu ya kwanza haikuwa mashine. Ilikuwa salamu.

Huku kwetu humpiti mtu kama unavyopita mti. Hatujafika barabarani tukakutana na Mzee Omari, rika la marehemu baba yangu, anasukuma mkokoteni wa maji. Nikaweka mkono kifuani, nikainama, nikachezesha midomo. Akasimamisha mkokoteni. Akanitazama juu mpaka chini, akamwuliza Mwanasha, "Mumeo siku hizi shikamoo anaiuza?"

Mwanasha akaeleza yote: koo, daktari, mpira wa puani. Mzee akasema pole, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini. Kwa jirani aliyefuata maelezo yakafupika. Kwa mwenye tuktuk yakafupika zaidi, na tulipokaribia Ukunda nikamsikia Mwanasha anamwambia abiria mwenzetu kwamba nimeweka nadhiri. Yule mama akaniangalia kwa heshima mpaka tuliposhuka. Sikuwa na njia ya kulikanusha.

Sikujua kunyamaza kunachosha hivi. Ningepiga msasa dari mbili kwa siku moja kuliko kupita watu kumi bila kuwaamkia.

Pale dukani kulikuwa na kijana wa bara, mchangamfu, mwenye haraka. Akanikaribisha mimi. Nikamwonyesha koo langu. Akaanza kunisemesha kwa sauti kubwa, neno moja moja, na mikono akaipunga hewani.

"Masikio yake mazima, mwanangu," Mwanasha akamwambia. "Sema na mimi."

Mashine ya kwanza ilikuwa ile ambayo mafundi wote wanaiota. Nyepesi, imetulia mkononi, na ina pipa lake kubwa la kufyonza vumbi. Mwanasha aliuliza bei, akaitikia kwa kichwa, akairudisha mezani kwa uangalifu kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Hatukuizungumzia tena.

Ya pili ilikuwa ya watu kama sisi. Sahani yake ina matundu ya kupitisha vumbi, taa inauzunguka mduara wake, na nyuma unaning'inia mfuko wa kitambaa wa kupokelea vumbi. Yule kijana akatupeleka uani, ambako wameweka ubao wa jipsamu uliokwisha pakwa filla, wa kujaribia. Nikaiwasha. Mwanasha alisimama kando yangu kabisa, maana hakutaka niibiwe mbele ya macho yake. Nikasugua. Mashine ikaenda vizuri, mfuko ukafura, na pale chini kwenye saruji sikuona kitu. Nikainua kidole gumba. Moyo wangu ulikuwa umeshailipia.

"Si nimewaambia, mathe?" kijana akasema. "Vumbi yote inaingia kwa mfuko."

Mwanasha alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Alikuwa amevaa buibui, lile jeusi la kila siku, na kuanzia begani mpaka kwenye kiganja lilikuwa limegeuka kijivu. Akapitisha kidole. Kikaacha mstari mweusi.

Nilizima mashine. Vumbi nene lilikuwa mfukoni kweli, hakutudanganya. Lile laini ndilo lililopenya kwenye kitambaa, likaelea, likatua kwa mke wangu. Kwenye saruji ile nisingeliona maisha yote. Miaka yangu yote nimefanya kazi kwenye vyumba vyeupe, na nguo za kazi zilizokwisha pauka, na sikuwahi kumsimamisha mtu mwenye nguo nyeusi kando yangu nikamtazama.

"Hili ndilo linaloingia kooni mwake," Mwanasha akamwambia kijana, bila hasira. Akajipangusa, lakini halikutoka lote.

Ya tatu ilikuwa pembeni, imekwaruzika, haina boksi. Mteja mmoja aliirudisha, kijana akasema, kwa sababu haina mfuko. Ina brashi kuizunguka sahani, ya kulizuia vumbi lisitoroke pembeni, na nyuma ina mdomo wa kuchomeka paipu. Paipu nayo lazima iende kwenye pipa la kufyonza, na pipa linauzwa kivyake. Nikatikisa kichwa. Mashine na pipa kwa pamoja tusingeviweza.

Mwanasha alikuwa ameinama anachungulia chini ya meza.

"Na lile?"

"Hiyo ni ya kusafisha duka, mathe. Haiuzwi."

"Sijauliza kama linauzwa. Nimeuliza kama linawaka."

Liliwaka. Ni pipa kuukuu, limepasuka gurudumu moja, na kelele yake ni ya kinu cha kusaga mahindi. Paipu haikukaa sawasawa, tukaizungushia utepe wa gundi mpaka ikashika. Mwanasha akaja upande wangu wa pili, akanipa mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa bado mweusi. Nikasugua pale pale, na mara hii nilikaa zaidi, nikakandamiza, nikapita kwenye pembe ambako vumbi huwa halina adabu.

Nikazima. Tukautazama ule mkono wote watatu, kijana na sisi. Mweusi. Nikavuta pumzi kwa pua, ile harufu ya chokaa ninayokwenda nayo nyumbani kila siku haikuwepo.

Ikabaki bei. Sasa nikiri jambo: mimi ni mtu wa kupatana. Napenda. Mwanasha ndiye hulipa bei ya kwanza anayoambiwa, nami humgombeza njia nzima. Leo nilikaa juu ya kopo la rangi, mikono magotini, kama mtoto aliyeletwa kusemewa, nikamtazama mke wangu anaingia ugomvi wangu.

Alianza vibaya. Alitaja bei ya juu mno, nikafumba macho. Kijana akashuka kidogo, akasimama. Akasema bosi hatakubali, na pipa ni la duka. Nikadhani Mwanasha amekwisha.

"Huyu ndiye anayeniamsha alfajiri," akasema. "Si mimi peke yangu, ni mtaa mzima, lakini mimi naijua sauti yake ikiwa imelala vizuri na ikiwa na mawazo. Sasa naamshwa na simu. Nikishaizima, nakaa pale kitandani namsikiliza Bakari, na huyu yuko kando yangu macho kayatoa, hasemi. Nipunguzie, mwanangu. Nataka kumrudisha."

Sikujua pa kutazama. Nikasoma maandishi ya kopo jingine la rangi lililokuwa mbele yangu, yote, na maelekezo ya kusafisha brashi.

Tangu nimuoe hajaniambia neno kuhusu adhana yangu, ila kwamba navuta sana mwisho na nawasumbua kuku. Amekwenda kumwambia kijana wa duka Ukunda, asiyemjua, mimi nikiwa nimekaa pale sina ruhusa hata ya kusema ahsante. Niliposhika mkono wake ule wenye vumbi aliuvuta, akaniambia nisimharibie mapatano.

Kijana akajikuna kichwa, akatoka nje na simu yake. Aliporudi alisema mashine na pipa tuchukue, chujio jipya la pipa tutafute wenyewe. Zimekwenda pesa tulizokuwa tumeweka za mabati ya jikoni. Mvua ikija tutapika tukiwa tumejifunika.

Nilitarajia kufurahi. Nimebeba pipa mapajani ndani ya tuktuk, na njia yote nilikuwa nawaza kitu kimoja: mashine hii itazuia vumbi la Jumatatu. Lile nililokwisha kulimeza haitanitolea. Mwanasha anadhani amenunua sauti. Mimi najua amenunua uwezekano, na nimeshindwa kumwambia, na si kwa sababu ya daktari.

Nilitaka kusali Magharibi nyumbani. Nimefanya hivyo siku zote hizi, nikajisingizia ugonjwa. Leo niliona haya, baada ya yale ya dukani, nikavaa kanzu nikaenda.

Bakari ndiye aliyeadhini. Nilikaa safu ya mbele, ukutani. Sauti yake nyembamba, na takbira ya pili huipapia, lakini iko wazi, haina mchanga. Anayesikia adhana huyafuatisha maneno taratibu nyuma ya mwenye kuita. Nafundisha watoto hivyo. Nikiwa kazini Diani nimeifuatisha adhana ya misikiti ya watu mara nyingi, nusu nusu, msasa mkononi. Hapa, kwenye msikiti wangu, sijawahi kuwa upande huu. Nikafuatisha kwa midomo, bila sauti.

Akafika pale anapowaita watu waje kwenye sala. Hapo msikilizaji hayarudii maneno. Husema hana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Midomo yangu ilikuwa imeshaanza kuita, kwa mazoea. Ikabidi niisimamishe, niigeuze, niseme lile neno la wanaosikiliza. Nililisema. Macho yakanijaa, nikainamisha uso, na aliyekuwa kando yangu akajisogeza kidogo kunipa nafasi.

Baada ya sala Bakari alikuja kunipa mkono. Akaniambia maikrofoni yangu inaningoja. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuweza kumwambia kwamba ameita vizuri, na sijui kama ningemwambia hata ningekuwa na sauti.

Jumatatu naanza dari ya Tiwi, mimi na lile pipa. Nitavaa nguo nyeusi.

Sauti ikirudi, nitaita. Isiporudi, je, nitaweza kukaa ile safu ya mbele nikaitikia, mpaka mwisho, bila kumhesabia Bakari makosa?