Kiti Nilichompa Mama Mkwe

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi hapa Tassia, na nguo za jana bado ziko kwenye kamba kwa sababu Linda, binti yangu, hana moyo wa kuzianua. Mimi siwezi. Niko kitandani, nimefungwa mkanda mgumu kuanzia kiunoni hadi karibu na goti la kulia.

Leo wanamzika dada yangu Felista kule Butere, na mimi siko.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda. Nilidhani nikishaiandika haitauma sana. Wapi.

Wanaosoma blogu yangu hii wanajua kwamba nilibadilishwa nyonga wiki tisa zilizopita. Wasichojua ni kwamba mazoezi yote niliyojisifia humu yalikuwa kazi ya Felista. Alikuja na begi moja, akalala kwenye godoro kando ya kitanda changu wiki sita, akaniogesha na kunivisha soksi. Kila asubuhi alinisimamisha jikoni nishike sinki, niinue mguu kwa pembeni mara kumi, yeye akihesabu. Na alikuwa mwizi wa hesabu. Akifika saba, anasema saba tena, halafu anaangalia dirishani kama mtu asiye na habari. Nikilalamika ananiambia, "Endelea, madam. Kwani unakimbilia wapi?" Nilikuwa namkasirikia kweli. Kuna siku nilimnunia mpaka jioni.

Alirudi nyumbani kupalilia mahindi yake. Siku ya kumi presha ikampanda, wakamkimbiza hospitali, hakufika.

Nilipopata habari nilimuuliza daktari wa mazoezi jambo moja tu: nitaweza kwenda kumzika? Alinitazama nikitembea na magongo, akanishusha na kunipandisha ngazi zetu zote za orofa ya tatu, akasema naweza, mradi nikae kiti cha juu, tusimame njiani kila saa ninyooshe mguu, na nisisahau masharti: goti lisipande juu kuliko nyonga, nisikunje nne, nisigeuke ghafla. Niliyajua kama Baba Yetu. Nikafua leso ya kwenda nayo matangani. Nilitaka kutembea nyuma ya jeneza lake kwa mguu huu aliouhangaikia, basi, sikutaka kingine.

Jumanne mama mkwe akaja kutoka Komarock kunipa pole.

Humu ndani kuna kiti kimoja tu ninachoruhusiwa kukalia. Fundi wa mbao wa hapo chini alikiongezea miguu, na Felista alikiita kiti cha chifu. Vingine vyote ni sofa, zile za kuzama mpaka magoti yakutazame usoni. Nilikuwa kwenye kiti changu mlango ulipofunguliwa. Nimelelewa hivi: mama wa mume wako akiingia, unainuka, na hukai juu yeye akiwa chini. Nikainuka. Nikamwonyesha kiti.

"Wewe kaa tu hapo, mama," akaniambia. "Mimi sofa inanitosha."

Ningekaa. Aliniruhusu kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini niliona aibu, baada ya miaka thelathini na moja ya ndoa, niketi juu kama bosi na mwanamke aliyenifundisha kusonga ugali wa watu wengi awe chini yangu. Nikamshika mkono nikamkalisha, kisha nikazama kwenye sofa. Tuliomba, tukanywa chai, tukalia kidogo. Alipoaga nikaharakisha kuinuka nimsindikize, nikageuka, na nyonga ikatoka.

Maumivu yake sitayaeleza. Hospitali waliirudisha, wakanifunga mkanda huu, wakasema safari hakuna kwa wiki kadhaa. Nilimbembeleza daktari wa pale hadi akatoka chumbani.

Watu wote wanaamini niliteleza kwenye zulia. Ndivyo nilivyosema, na ndivyo mume wangu alivyoenda kuwaeleza ndugu zangu kule. Hata mama mkwe anaamini, na alikuwa amesimama mbele yangu. Anapiga simu kila siku kuuliza hali. Amesema zulia litupwe, na Linda amelikunja akaliweka barazani, linanyeshewa bila kosa.

Nimekosa mazishi ya dada yangu kwa ajili ya heshima ambayo hakuna aliyeniomba.

Mchana mume wangu alipiga simu, akaishika karibu na kaburi. Nilisikia akina mama wakiimba, kisha udongo. Kisha mtandao ukapotea. Nilikaa na ile simu sikioni muda mrefu, nikijua kabisa hakuna kitu.

Jumatatu daktari wa mazoezi anakuja. Nitamwambia ukweli, sofa na yote. Mama mkwe naye nitamwambia, ingawa sijui nitaanzia wapi, maana atajilaumu na kosa ni langu. Zulia lirudi ndani.

Kwa sasa nimerudishwa kwenye zoezi la siku ya kwanza kabisa: kulala chali, kuvuta vidole vya mguu kuja kwangu na kuviachilia, mara kumi. Nimelifanya baada ya simu kukatika, nikihesabu kwa sauti. Linda alikuja akasimama mlangoni. Nilipofika saba, nikasema saba tena.