Macho ya Dereva Wetu

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Gereji ya Mabasi.
14 Aprili

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Mama watoto naye, goti limepoa? Sisi tunakula na tunalala, ndio uzima wenyewe.

Baridi imekwisha, miti imechanua, na kampuni imeanza tena ziara za majira ya machipuko: ngome, makaburi ya wafalme, magofu ya kasri. Mdogo wako ndiye dereva, mimi mwongozaji, kama kawaida. Abiria bado wanamwita Kapteni, naye bado anavimba kichwa.

Shemeji, nisizungushe maneno. Mdogo wako haoni. Daktari alisema presha ya macho imeshaua jicho la kushoto, na la kulia linafuata. Alimkataza usukani. Kapteni akamshukuru vizuri, tukatoka nje, akanikataza nisimwambie mtu.

Sasa sikia tunavyoendesha. Zamani nilisubiri tukaribie ngome ndipo nishike kipaza sauti. Siku hizi sinyamazi. "Ndugu wasafiri, mbele yetu kuna daraja jembamba la enzi za mababu!" Kapteni anapunguza mwendo. "Kulia kwenu, mzee na baiskeli yake, maisha ya watu wetu hayo!" Kapteni anasogea kushoto. Abiria wanapiga picha mpaka matuta ya barabarani. Wanasema hawajapata kuona mwongozaji anayeipenda nchi yake namna hii. Kumbe mwenzio naendesha basi kwa mdomo.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka kwenye kasri. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa maswali, akaniuliza malkia alizikwa wapi. Nikageuka kumjibu. Nilipotazama tena mbele, upande wa kulia kulikuwa na shimo la mabomba, vichwa vya mafundi vinaonekana, nasi tunawaendea moja kwa moja. Nikapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Kushoto!" Kapteni akakata kushoto. Basi zima likatazama kushoto kutafuta maajabu. Lilikuwa banda la kuku. Walicheka mpaka machozi, nami nikacheka nao. Hakuna mwingine aliyeliona lile shimo.

Kesho yake tukiosha basi nikamwambia imetosha, namwambia meneja. Aliendelea kufuta kioo. Alikuwa ameliacha bonge la tope bila kulifuta, upande wake mwenyewe.

"Mwambie," akasema. "Ila nikishuka kwenye usukani, mnizike tu."

Nikalia. Akanishika bega, akaanza utani wake: "Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi ndio maana Mungu kanipa wewe wa kuniambia." Nikashindwa hata kumkasirikia.

Kwa meneja nimekwenda. Kabla sijafungua kinywa akaniwekea chai, akaita ofisi nzima ije inipigie makofi, kwamba abiria wametusifu kuliko basi lolote. Nikanywa chai, nikasema asante, nikatoka. Tumefunika kombe, lakini mwanaharamu huyu hapiti.

Najua utasema nikatae kupanda. Nimekataa. Akasema atakwenda peke yake, na wewe uliyelelewa naye unajua kwamba atakwenda. Nikibaki nyumbani nawaacha watu wa wenyewe wafe. Nikipanda namsaidia kuwaua. Sina pa kushika, shemeji. Maji yamenifika shingoni.

Nakuandikia akiwa ameketi mbele yangu, anakunywa chai. Ningepiga simu angesikia; ninachoandika hakioni. Barua nampa dereva wa lori anayepita kwenu kesho. Ukiipata, mpigie. Hajapata kukubishia tangu baba yenu afariki. Mwambie unaumwa, mwambie unamhitaji huko, mwambie lolote, lakini kabla ya Jumamosi.

Maana Jumamosi hatuendi kwenye ngome. Kwa zile sifa, meneja ametuzawadia safari mpya, ya kwenda kwenye pango la michoro ya kale, juu kabisa milimani. Basi limejaa, wengine wanakuja na wajukuu. Kapteni anafurahi kama mtoto. Na mimi, shemeji, barabara ile sijapata kuipita.

Nisalimie mama watoto, binamu fundi cherehani, na shangazi mkisikilizana naye. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na sisi atutangulie njiani.

Wako akupendaye, mwenye kukusubiri,
Shemeji yako, Mke wa Kapteni