Mzee Combo juu ya meno ya foklifti

Chamsia, uko kwenye teleksi hapo Moroni? Soma, kisha chana.

Asubuhi nilikuwa hapa ghalani nabandika karatasi za anwani kwenye magunia ya mchele, kama kila siku. Nageuka, namwona Mzee Combo wa ghala yuko hewani. Hewani, Chamsia. Amesimama juu ya meno ya foklifti, kanzu inapepea. Eti ashushe gunia la juu, na ngazi ipo pale pale.

Anayeendesha ni Elarif wa komiti ya mapinduzi. Hajafunzwa. Anasema mafunzo ni mambo ya Wafaransa.

"Mzee, huko juu unaiona Moroni?" Elarif akamtania.

"Naliona kaburi langu, mwanangu."

Meno yakatikisika. Nani ampinge mtu wa komiti? Mimi, niliyeona haya hata kuomba kwenda chooni darasani, nikasikia sauti yangu:

"Mshushe polepole, Elarif. Kisha nipe ufunguo wa foklifti."