Nguzo za Mkondoni

Soweto West, Kibera
8 Juni 2024

Baba mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Kikohozi cha Mama kimeisha na amerudi kwenye cherehani yake.

Sijawahi kumwona chaza. Je, ana macho? Umesema mtawatundika kwa kamba kwenye nguzo, ndani ya maji, wanenepe wenyewe. Sasa nani huwalisha? Oloo wa darasani kwetu alicheka: "Babako ameenda kufuga mawe!" Nilimwambia asubiri.

Mama anauliza jambo moja: wanakijiji wakikataa kuwapa sehemu ya maji, itakuwaje? Kazi yako ya hoteli iliisha, na huku maseremala kama wewe wamejaa. Nimemjibu kwamba watakubali, na Agosti tutakuja kwako.

Binti yako,
Nelima

Mtondooni, Kwale
20 Juni 2024

Binti yangu Nelima,

Pokea salamu. Mimi ni mzima, ila shingo imeungua na jua.

Chaza hana macho. Huchuja maji na kula vijimea vidogo usivyoweza kuviona. Halishwi na mtu.

Lakini baraza limevunjika. Mimi na mwenzangu Urbanus tulichomeka nguzo kwenye mkondo wa bahari kabla ya mkutano, ili watu waone tunachoomba. Bi Mwanakombo, kiongozi wa akina mama wanaookota chaza kwenye mikoko, akasimama. "Murunga, watu hupiga hodi wakiwa nje. Wewe umepiga hodi ukiwa jikoni!" Walicheka sana, kisha wakaondoka wote.

Watakutana tena mwezi ujao. Wakikataa, narudi Nairobi. Mwambie Mama taratibu.

Baba yako,
Murunga

Soweto West, Kibera
1 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shingo imepona? Huku ni baridi tu.

Nilimsomea Mama barua yako, akacheka hadi sindano ikamponyoka. "Babako amepeleka Soweto pwani!" Ni kweli, Baba. Hapa mtu huinua mabati Jumamosi, na wazee wa mtaa wakija Jumatatu wanakuta chumba kina pazia. Akingoja ruhusa, nafasi inachukuliwa. Labda huko hakuna anayekukimbiza.

Nina swali. Maji ya bahari yakitoka, hao akina mama hupita wapi? Unakumbuka Ramzy, mwenye ploti, alivyoweka tangi mbele ya mlango wa choo? Hakuna aliyelichukia tangi. Tulichukia kuzunguka.

Je, ukizing'oa nguzo, kisha uwaulize wao pa kuziweka? Nauliza tu.

Binti yako,
Nelima

Soweto West, Kibera
27 Julai 2024

Baba,

Natumaini u mzima. Hujajibu.

Mama ameacha kuuliza. Jana alifagia ile kona ya sanduku lako la zana. Nami nikamsaidia kuondoa meza hapo, sanduku lipate nafasi.

Chaza hulala?

Nelima wako

Mtondooni, Kwale
3 Agosti 2024

Nelima, binti yangu,

Sote huku tu wazima. Nisamehe, sikutaka kuandika kabla hawajasema neno lao.

Tulizing'oa nguzo wakati wa maji kupwa, matope hadi magotini. Akina mama walikuwa wakipita na ndoo zao, wakasimama.

"Nani kakutuma?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Binti yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Angekuja yeye, tungeshamaliza zamani!"

Kumbe nguzo zilikuwa katikati ya njia yao. Walinishika mkono, wakanionyesha pengine, ng'ambo ya mkondo. Ni padogo kuliko nilivyotaka. Nusu ya kamba zitakuwa zao, nami nimeshukuru. Wiki hii baraza limekubali tujaribu kwa mwaka mmoja.

Lakini wameweka sharti. Nguzo ya kwanza haitachomekwa mpaka wawaone watu wangu, wewe na Mama. Hawampi mtu sehemu ya maji yao bila kuwajua jamaa zake. Kwa hiyo nguzo zimelazwa nje ya chumba changu, na Bi Mwanakombo kila asubuhi ananiuliza basi linafika lini.

Mwambie Mama airudishe meza mahali pake, kisha mfunge mizigo.

Kuhusu chaza kulala, sijui. Nimemuuliza Bi Mwanakombo, naye hajui. Amesema swali hilo likungoje.

Baba yako,
Murunga